Fundi Kingori na Konrodi ya Kianyaga

Jumanne, tarehe 6 Agosti 1974. Baridi, na manyunyu membamba yaliyoanza kabla ya mapambazuko na hayakukatika mpaka mchana. Mlima haukuonekana kutwa nzima.

Siku hiyo Mzee Hezekiah Kahiga aliteremka mjini Nyeri kutoka kwenye basi la Karatina akiwa amekumbatia gunia. Koti lake lilikuwa limelowa mabegani, lakini gunia alikuwa amelifunika kwa karatasi ya nailoni. Alipita mbele ya duka ninamouzia vipuri vya baiskeli, akanisalimia kwa kutikisa kichwa tu, akaingia mlango wa pili, kwenye karakana ya Kingori.

Kingori alikuwa chini ya trekta. Alipotoka, mgeni wake alikuwa ameshafungua gunia juu ya meza na kusimama kando, mikono mgongoni, kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Ndani ya gunia kulikuwa na konrodi. Naiita hivyo kwa sababu ndivyo mafundi wote wa Nyeri walivyoiita. Ni mkono wa chuma, mrefu kiasi cha mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Upande wa juu umeshika pistoni, ambayo hupanda na kushuka. Upande wa chini umeshika kranki, ambayo huzunguka. Ule wa chini una tundu kubwa lililogawanywa nusu mbili zinazokazwa kwa bolti, na ndani ya tundu humiminwa madini laini meupe, ndiyo beringi, ili chuma kisisagane na chuma. Konrodi ya Hezekiah ilikuwa imepinda katikati, na yale madini meupe yalikuwa yameyeyuka yakagandia pembeni kama nta ya mshumaa.

"Imekufa tena," alisema Hezekiah.

Ilikuwa mara ya tatu tangu Kingori aishughulikie injini hiyo. Ilikuwa ya silinda moja, ya Kiingereza, mali ya kiwanda cha kahawa cha wakulima juu kidogo ya Kianyaga, na kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kumenya. Mtu wa mbali anaweza asielewe jambo hilo lina uzito gani. Kahawa iliyochumwa leo humenywa leo. Ikilala na maganda yake inachacha, na ikianikwa hivyo hivyo inakuwa mbuni, kahawa ya bei ya chini ambayo mkulima huipeleka sokoni akiwa amejiinamia. Mwezi wa Juni injini ilipokufa, watu walimwaga matunda mekundu chini na kuyaangalia yakigeuka rangi.

Kamati ya kiwanda ilikutana. Mwenyekiti wao, Wamae, mtu mpana aliyependa kumaliza mkutano kabla chai haijapoa, alisema injini haifi bure: mtu anayeitunza anasahau kuitia oili. Spea kutoka Uingereza ingechukua miezi. Msimu mkubwa ulikuwa unaanza Oktoba. Basi itengenezwe mara moja ya mwisho, na ikifa tena msimu huo, Hezekiah arudishe funguo za chumba cha injini.

Hezekiah alikuwa amekaa na injini hiyo tangu iteremshwe kwenye lori, kabla ya Uhuru. Alikuwa na shamba lake na migomba yake, njaa isingemuua. Kilichomuuma ni kuambiwa mbele ya jirani zake kwamba alikuwa mzembe.

"Fundi, mimi naweza kusahau kula," alimwambia Kingori. "Oili siwezi kusahau. Muulize bibi yangu."

Kingori alipitisha kidole kwenye yale madini yaliyoganda. Akasema aiache hapo, atamfuata Kianyaga wiki ile ile kupima kranki. Hezekiah alikunja gunia lake tupu vizuri, akaliweka chini ya kwapa, akaondoka bila kunywa uji aliowekewa.

Hapa niseme kidogo Kingori alikuwa nani. Alizaliwa Tetu, akasoma mpaka darasa la saba, kisha akaenda Nanyuki kusukuma toroli katika karakana ya fundi mmoja Mhindi aliyetengeneza pampu za mashamba ya wazungu, kuanzia huko Nanyuki hadi njia ya Doldol. Alianza kwa kuosha bolti kwa mafuta ya taa. Miaka ilivyokwenda, Mhindi yule alimfundisha kumimina madini meupe, kuyakwangua kwa kisu maalumu, na kupaka rangi ya buluu ili kuona ni wapi panagusa. Na alimfundisha neno moja ambalo Kingori alilibeba mpaka Nyeri alipofungua karakana yake mwenyewe: injini nzuri haisikiki.

Watu wa huku walilipenda neno hilo. Mwenye kinu cha posho alipokuja kuchukua injini yake alikuwa hatazami kitu. Aliinama, akaegemeza mpini wa jembe kwenye mwili wa injini, akaweka sikio kwenye ncha ya pili. Kama ndani kuna kugonga, hata kidogo, alikataa kuipokea. Mafundi wote walijua hivyo, na wote walikaza nusu mbili za konrodi mpaka injini inyamaze. Kingori ndiye aliyejua kuinyamazisha kuliko wengine. Nimesikia watu wakitoka Mukurwe-ini wakiulizia "yule wa injini za kimya". Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyejisifu hata kanisani, lakini jina hilo alilipenda. Nilimwona akitabasamu mara moja alipoitwa hivyo, kisha akajifanya anatafuta spana.

Alikwenda Kianyaga siku ya Alhamisi. Aliyonieleza juu ya safari hiyo alinieleza baadaye, kwa vipande, nami nimeyaunga.

Chumba cha injini kilikuwa kisafi kuliko jiko la watu wengi. Sakafu ilikuwa imefagiliwa, makopo ya oili yamepangwa kwa urefu, kila moja na kifuniko chake. Kingori alichovya kidole kwenye kila kopo na kukisugua. Hakukuta mchanga wala maji. Alipima kranki, akaona imechubuka na kugeuka rangi ya buluu kwa joto, lakini ingeweza kung'arishwa. Hapakuwa na dalili yoyote ya mtu mvivu.

Mke wa Hezekiah, Wakonyo, aliwaletea chai na ndizi. Alisimama mlangoni akiwatazama wazee wawili waliopiga magoti mbele ya chuma.

"Huyu," alisema akimwonyesha mumewe kwa kidevu, "akiamka usiku ati amesikia kitu, si mimi ninayekohoa. Ni hiyo."

"Hiyo haikohoi bure," alijibu Hezekiah.

Kingori aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama kati ya nusu mbili za konrodi kulikuwa bado na vibati. Hivyo ni vipande vyembamba vya shaba ambavyo hukaa kwenye maungio. Vinapokuwa vingi, tundu ni pana. Kikitolewa kimoja, nusu zinasogeleana na tundu linabana. Hezekiah alinyanyuka upesi, akaenda kwenye rafu, akaleta mkebe wa tumbaku. Akaumimina juu ya kitambaa. Vibati vyote vilikuwa humo, vimesuguliwa mpaka vinang'aa.

"Ikigonga natoa moja," alisema. "Kama vile ulinifunza. Sikuachia igonge hata jioni moja."

Kingori alivitazama vile vibati. Ndivyo alivyokuwa amemwambia, mara ya kwanza kabisa, akiwa ameshika kishikio cha mlango wa basi: ukisikia inagonga, toa kibati kimoja ukaze. Alikuwa akiwaambia wateja wote hivyo. Na wengi wao, kwa kuwa walikuwa na kazi nyingine, walisahau, na injini zao zikaishi. Hezekiah hakusahau. Kila sauti ndogo aliyoisikia aliijibu kwa spana, mpaka tundu likabana kranki kiasi kwamba oili haikuwa na mahali pa kupita. Injini ilikufa kwa kutunzwa.

Hakumwambia. Alikunywa chai yake, akasema atamtengenezea konrodi mpya kwa kuwa ile haifai tena kunyooshwa, akapanda basi. Angeweza, alifikiri, kutengeneza kitu kizuri, kikafanya kazi, na hakuna mtu angeuliza zile za kwanza zilikufa kwa nini.

Siku hizo kulikuwa na mwalimu wa ufundi wa chuma katika shule moja ya mjini, Dishon Masinde, mtu wa kutoka Bungoma, aliyekuwa akija karakana Jumamosi kwa sababu shule haikuwa na mashine nzuri ya kukereza. Kingori alimruhusu atumie yake, naye Masinde alilipa kwa maneno mengi. Alikuwa na ucheshi ambao watu wa hapa walichelewa kuuelewa. Kingori alipomweleza kwamba anataka kutengeneza konrodi nzima, si kuikarabati, Masinde alivua koti, akageuza kalenda ya mwaka uliopita na kuanza kuchora upande wa nyuma.

Jambo la kwanza waliloulizana lilikuwa oili inafanya nini hasa. Kingori alikuwa ameimwaga kwenye injini tangu ujana wake na kamwe hakuwa amejiuliza. Masinde alimkumbusha barabara ya Kianyaga wakati wa mvua, ule udongo mwekundu.

"Gari likiteleza pale, magurudumu yanagusa udongo?"

"Hayagusi. Yanapanda juu ya maji ya tope."

"Sasa. Barabarani tunaulaani huo utelezi. Hapa ndani tunautafuta. Kranki ikizunguka inavuta oili chini yake na kuipanda, kama gari. Haigusi chuma hata kidogo. Lakini wewe, Bwana Injini za Kimya, umeifungia mlango."

Kingori hakucheka. Alichukua karatasi ya kusokotea sigara kutoka mfukoni mwa yule mwalimu, akaikunja mara moja, akaishika kati ya vidole, akaiangalia dhidi ya mwanga wa dirisha. Kisha akauliza kama nafasi ya unene huo ingetosha oili kupita. Masinde alipiga hesabu pembeni ya kalenda, akasema ingetosha, ila itasikika kidogo, hasa injini inapowashwa, kabla oili haijapanda. Kingori akasema polepole kwamba hilo ndilo litakuwa tabu.

Walianza kazi. Kingori alinunua ekseli ya nyuma ya lori lililoanguka, kwa sababu alijua chuma cha ekseli ni kigumu na hakichoki upesi. Mhunzi mmoja wa karibu aliipasha moto na kuiponda mpaka ikapata umbo la mkono, na Kingori akamalizia kwa mashine na kwa tupa. Masinde alisisitiza pembe zote za ndani ziviringwe, maana pembe kali ndiyo mahali ufa unapoanzia. Alisisitiza pia mkono uchongwe mwembamba katikati na kuachiwa nyama ncha zake. Kila gramu inayopanda na kushuka bure, alisema, inasukuma beringi bure. Kingori alichonga, akapima kwenye mizani niliyomwazima dukani, akachonga tena.

Jaribio la kwanza halikufaulu, na kosa lilikuwa la Kingori peke yake. Baada ya kumimina madini meupe alikata mifereji ya oili ndani ya tundu kwa umbo la msalaba, kutoka ukingo hadi ukingo, kama alivyofundishwa Nanyuki. Walifunga konrodi kwenye kipande cha shafti kilichoshika nafasi ya kranki, wakaizungusha kwa mota ya umeme, na kabla ya mchana kwisha tundu lilikuwa la moto kiasi cha kutogusika. Masinde alikuwa na hakika kwamba mifereji mingi ni oili nyingi, kwa hiyo naye alishangaa. Kingori alikaa chini na konrodi mapajani. Ndipo akaona: mifereji ilipofika ukingoni ilikuwa inaimwaga oili nje. Walikuwa wamechimba mtaro wa kutoa maji shambani badala ya kuyaweka.

Aliyayeyusha madini yote, akamimina upya. Safari hii hakukata mifereji. Alikwangua vishimo viwili vya kina kidogo pale nusu mbili zinapokutana, vikakomea kabla ya ukingo, ili oili ikiingia ikae. Chini ya tundu kulikuwa na kijiko cha chuma, kama ilivyo katika injini hizo. Kazi yake ni kuchota oili kila mzunguko na kuirusha. Kingori alikirefusha kijiko, akakielekeza upande wa mzunguko, na akakitoboa katikati, ili oili iliyochotwa isirushwe tu bali ipande kwa tundu hilo moja kwa moja hadi kwenye beringi. Juu, kwenye kichwa kinachoshika pistoni, alichimba kisahani kidogo chenye tobo la kupokea matone.

Na maungio aliyaacha bila vibati. Nusu mbili zilikutana chuma kwa chuma. Ukikaza bolti, zinafika mwisho wake. Hakuna cha kutoa, na nafasi ya karatasi ya sigara inabaki vile vile hata ukaze kwa mikono ya watu wawili. Masinde aliisifu sana hiyo akili. Kingori alijibu kwamba si akili, ni kwa ajili ya mzee mmoja ambaye yeye Kingori hakutaka kumwona akijiumiza tena. Ndipo akamweleza habari ya mkebe wa tumbaku.

Masinde, kwa mara ya kwanza, hakufanya mzaha. Aliuliza kama mzee anajua.

"Bado."

"Na kamati?"

Kingori alipuliza vumbi la chuma kwenye meza. Alisema kwamba fundi akisimama mbele ya watu na kusema ameua injini mara tatu, neno hilo litafika Mukurwe-ini kabla yake. Masinde akasema hilo ni kweli. Hawakulizungumza tena siku hiyo.

Konrodi ilifungwa kiwandani katika wiki ya mwisho ya Septemba, asubuhi yenye ukungu, na Wamae alikuja na wanakamati wawili kushuhudia. Hezekiah alikuwa amevaa shati jeupe. Yeye mwenyewe ndiye aliyezungusha mkono wa kuwashia. Injini ilishika, ikakohoa moshi, ikaanza kuzunguka. Na ndani yake, wazi kabisa, kukasikika kitu kinagonga. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayebisha mlango wa jirani kwa kidole kimoja. Lakini kila aliyekuwa pale aliisikia.

Uso wa Hezekiah ulisawijika. Alichukua mpini wake wa jembe, akasikiliza, akauweka chini, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye spana.

"Ngojea, mzee," alisema Kingori.

Wamae alikuwa ameshageuka mlangoni. "Fundi, zile zingine angalau zilianza kugonga baada ya kufanya kazi. Hii imezaliwa mgonjwa?" Wanakamati walicheka. "Tulisema mara ya mwisho. Na mzee Hezekiah anajua tulisema nini."

Hezekiah hakujitetea. Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi, kisha akatia mkono mfukoni na kutoa funguo. Alizishika tu. Nadhani kama asingezitoa, Kingori angeeleza habari za oili na utelezi, na mengine angeyaacha yapite.

Kingori alizima injini ili asikike.

"Huyu mzee hakusahau oili hata siku moja," alisema. "Mimi ndiye nilimwambia akisikia inagonga atoe kibati akaze. Nilimwambia vibaya. Alifanya kama nilivyosema, na injini ikakosa pumzi ikaungua. Mara zote tatu. Kama mnataka mtu wa kulaumu, ni mimi niliyesimama hapa."

Nje, watu walikuwa wanaosha vitanda vya kuanikia kahawa, na maji yalisikika.

"Kwa hivyo tulitaka kumfukuza mtu kwa kusikiliza fundi," alisema Wamae mwishowe.

"Ndio."

"Na wewe ndiye wale wanaita wa injini za kimya."

"Walikuwa wananiita," alisema Kingori.

Wamae alicheka hapo, kicheko kifupi cha puani, lakini hakulegea kirahisi. Alisema maneno ameyasikia. Sasa anataka kuona. Kahawa yenyewe ndiyo itakayoamua. Siku ya kwanza ya mavuno makubwa Kingori awepo. Kama injini itamaliza mzigo wa siku hiyo na beringi isiungue, Hezekiah atakaa na funguo zake na hakuna atakayemtaja tena. Kama itaungua, wote wawili watatembea barabara moja. Kingori akakubali. Kisha akamgeukia Hezekiah na kumwomba jambo gumu kuliko hayo yote: aiache igonge.

Siku yenyewe ilikuja katikati ya Oktoba. Jua lilikuwa limewaka mfululizo, na kahawa iliyokuwa ikisubiri ikaiva kwa pamoja. Kuanzia saa nane watu walikuwa wanashuka kwa njia zote, magunia mgongoni na punda mbele, na matunda mekundu yakarundikana kwenye sakafu ya kupokelea. Kingori alikuwa amelala kwa Hezekiah usiku uliotangulia. Injini iliwashwa. Ikagonga.

Hezekiah alikaa kwenye kibao chake na kuvumilia kwa muda, mikono kati ya magoti. Kisha akasimama, akatoka, akaenda mpaka vitanda vya kuanikia, akarudi. Wakonyo, aliyekuwa kwenye mstari wa kupimiwa, alimpigia kelele kwamba anaonekana kama mwanamume anayengojea mkewe ajifungue.

"Wewe nyamaza na gunia lako," alimwambia, na watu wote wa mstari wakacheka, naye pia kidogo.

Oili ilipopata moto, ule mlio wa kugonga ulilainika. Haukuisha. Lakini ulikuwa na mwendo wake, na baada ya saa mbili tatu watu waliacha kuugeukia. Mashine ya kumenya ilitema maganda upande mmoja na mbegu zenye utelezi upande wa pili, maji yakazibeba kwenye mifereji, na rundo jekundu likashuka polepole, likapanda watu walipoleta zaidi, likashuka tena. Kingori alisimama karibu na injini muda wote. Alikuwa amebandika kiganja kwenye kifuniko cha upande, na kila mara Hezekiah alimtazama usoni kabla ya kuuliza, na kila mara Kingori alitikisa kichwa kwamba hapana, si moto.

Jua lilipozama nyuma ya vilima, gunia la mwisho lilikuwa limemwagwa. Wamae mwenyewe ndiye aliyetoa ishara injini izimwe. Kingori alifungua bolti za kifuniko na kusogea kando. Hakutaka kuwa wa kwanza.

Hezekiah alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono ndani ya injini, akaushika mwisho mkubwa wa konrodi kwa vidole vyote. Akauacha humo. Wamae alingoja, akachoka kungoja, akauliza kama umeungua au vipi.

"Ni kama kikombe cha chai," alisema Hezekiah. "Ile imesahaulika mezani."

Wamae aliinama, akaingiza mkono wake mnene naye, akagusa. Alipoutoa ulikuwa mweusi wa oili hadi kifundoni. Hakusema kwamba amekosea. Si watu wengi wa kamati husema. Alimwambia Hezekiah kwamba kesho mzigo utakuwa mkubwa zaidi, awashe saa saba badala ya saa nane, na asipoteze zile funguo kwa kuzitoa mfukoni ovyo. Kisha akaomba kitambaa cha kufutia mkono, na Hezekiah akamtafutia kilicho safi.

Jioni ile Kingori alikula kwa Hezekiah. Wakonyo alipika mukimo na kuchinja jogoo. Hezekiah alizungumza sana kuliko kawaida, na hakuzungumza juu ya injini hata mara moja. Kuhusu vile vibati alisema neno moja tu, wakati wa kunawa mikono: kwamba afadhali Kingori alisema mwenyewe, maana yeye asingesema. Kingori aliuliza kama alikuwa ameshajua. Hezekiah alisema mtu aliyetoa vibati vyote vya mkebe lazima aanze kujiuliza. Kisha akaomba taulo.

Neno la Kianyaga lilifika Mukurwe-ini, kama Kingori alivyotabiri. Watu wawili walipeleka injini zao kwa mafundi wengine. Wa tatu alikuja akiwa amebeba mpini wake wa jembe, akasikiliza maelezo yote, akasema atafikiria. Lakini hayo ni ya wiki zilizofuata.

Asubuhi iliyofuata Kingori hakupanda basi la kwanza, wala la pili. Watu wa kuchuma walikuwa wachache na Wakonyo alikuwa na mistari mizima ya mibuni iliyoinamishwa na uzito, kwa hiyo mgeni wake alifungiwa kikapu kiunoni na kupelekwa shambani. Alikuwa hajawahi kuchuma kahawa maishani. Tetu ya baba yake ilikuwa ya viazi na kondoo. Alichuma polepole mno, tunda moja moja, akilizungusha kulitazama pande zote, na bado Wakonyo alipochungulia kikapu alikuta matunda ya kijani.

"Fundi, hizi mbichi ni za nani?"

Akazitoa, akamwonyesha tena rangi inayotakiwa, na Kingori akaendelea na mti uliofuata.